Kutoka stoo ya mabomba hadi ghala la korosho: kisa cha mtunza stoo mmoja wa Mtwara

Bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam lilipozinduliwa Oktoba 2015, nchi ilishangilia, na watu waliokuwa wakilijenga wakaanza kufungasha mizigo. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Kulaza bomba la zaidi ya kilomita 500 kunataka madereva, wachomeleaji, vibarua wa kuchimba mtaro, wapishi wa kambi, walinzi na watunza stoo. Likishafukiwa, kazi hizo zinakwisha. Mtambo wa kusafishia gesi pale Madimba unahitaji watu wachache, tena waliosomea mitambo.

Kisa ninachokichambua ni cha mmoja wa watunza stoo hao. Jina lake naliacha, na waajiri wake siwataji, kwa sababu bado yuko kazini na Mtwara ni mji ambao watu wanajuana. Kazi yangu ni kukaa na watu wanaotafuta ajira, kuwasaidia kuandaa maombi na kujiandaa kwa usaili. Wengi wao wanaamini kwamba kazi ikifa, ujuzi nao unazikwa nayo. Huyu alikuwa na ujuzi uliokuwa ukitafutwa ndani ya mkoa wake mwenyewe, kwenye zao lililomsomesha, na kwa miaka mitatu hakujua.

Alikotoka

Alizaliwa Tandahimba kwa wakulima wa korosho, akamaliza kidato cha nne kwa kufaulu masomo manne, tena kwa alama za chini, akaja mjini kukaa kwa dada yake Chikongola. Ujenzi wa bomba ulipoanza alipata kibarua cha kushusha mizigo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Siku moja msaidizi wa stoo aliugua, akaambiwa ashike leja mpaka mwenzake apone, na hakurudi tena kwenye kushusha mizigo. Mkataba ulipokwisha alikuwa msaidizi mkuu wa stoo ya kambi, analipwa laki sita kwa mwezi na chakula juu. Kwa kijana ambaye cheti chake cha juu ni cha sekondari, hiyo ilikuwa hela ya kueleweka.

Baada ya hapo alifanya kama wenzake wengi: alichukua mafao yake NSSF, akanunua pikipiki, akaingia kwenye bodaboda. Pikipiki ilimlisha. Lakini kila alipoona tangazo lenye neno gesi au stoo, alituma barua, na kila mara hakujibiwa. Sababu haikuwa ya siri. Matangazo yalitaka cheti cha ununuzi na ugavi, na kwa sheria ya 2007 wataalamu wa fani hiyo wanasajiliwa na bodi yao, PSPTB. Yeye hakuwa na cheti wala usajili.

Hapa nina neno kwa wale wanaowashauri vijana. Kumwambia mtu kwamba uzoefu wake unatosha, ukijua mlango anaougonga umefungwa na sheria, ni kumpotezea miaka. Kuna kazi ambazo bila karatasi huingii hata kama unaijua kazi kuliko mkuu wa idara. Na kuna kazi nyingine, mara nyingi zimekaa jirani kabisa na hizo, ambazo mwajiri anataka kwanza kuona unafanya nini kwa mikono yako. Mtu anayebadili njia lazima ajue yuko mbele ya mlango upi. Kijana huyu alikaa miaka mitatu mbele ya mlango wa kwanza.

Siku moja, kitendo kwa kitendo

Alinifikia katikati ya mwaka 2018 na barua iliyosema kwamba ana bidii, ana mawasiliano mazuri na anaweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo. Barua za namna hiyo nimezisoma nyingi mno, na hakuna hata moja iliyoniambia mwenye barua anajua nini. Nilimwomba aiweke pembeni, anisimulie siku moja ya stoo, kuanzia kufuli linafunguliwa mpaka funguo zinakabidhiwa, bila kuruka kitu.

Akaanza kwa uvivu, halafu akachangamka. Lori limeingia na maboksi ya bolti. Karatasi ya dereva inasema 40. Anahesabu, anapata 38. Dereva ana haraka ya kurudi bandarini, msimamizi wa ujenzi anapiga kelele kwamba watu wake wamesimama wanasubiri bolti, saini upesi. Yeye hasaini 40. Anaandika 38 kwa herufi na kwa tarakimu, anaandika tofauti pembeni, anamsainisha dereva, naye anasaini chini yake. Kisha anafungua boksi moja kuona kama bolti zilizomo ni za kipimo kilichoandikwa juu. Halafu kupanga, kuandika kadi ya kila rafu, kutoa mali kwa hati yenye idhini tu, na Jumamosi mchana, wenzake wakienda kupumzika, kuhesabu upya rafu chache na kulinganisha na leja.

Nilikuwa naandika vitendo peke yake: kupokea, kuhesabu, kulinganisha, kukataa, kuandika tofauti, kusainisha, kupanga, kutoa kwa idhini, kuhesabu upya, kukabidhi. Nilipomsomea orodha hiyo, alishangaa kuona kukataa kumo. Kwake hiyo haikuwa kazi, ulikuwa ugomvi wa kila siku tu. Mimi niliona ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote alivyonieleza. Kuhesabu kunafundishika kwa wiki moja. Mtu anayeweza kusimama mbele ya bosi mwenye hasira na dereva mwenye haraka, akaandika alichokiona na si alichoambiwa, huyo hapatikani kirahisi, na kila biashara inayotunza mali ya watu inamhitaji.

Swali lililofuata lilikuwa rahisi kuuliza na gumu kujibu: nani mwingine Mtwara na Lindi anayelipa pesa kwa vitendo hivi? Bohari za hospitali zilitaka cheti. Kiwanda cha saruji, vilevile. Maduka ya vifaa vya ujenzi yalitaka ndugu wa mwenye duka. Ghala la korosho hakulitaja kabisa, nikalitaja mimi. Akacheka, akasema korosho ni mambo ya nyumbani. Naelewa alichomaanisha. Kwa mtoto wa Tandahimba, korosho ni ada ya shule, ni mama anayeokota chini ya mkorosho tangu alfajiri, ni mjomba anayegombana na karani wa chama. Si rahisi kuiona kama sehemu ya kupeleka barua ya maombi.

Lakini tazama ghala lenyewe linavyofanya kazi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, ulianza kutumika kwenye korosho hapa Mtwara msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zinapangwa daraja, zinapimwa, zinatiwa kwenye magunia, zinasafirishwa hadi ghala kuu. Mwendesha ghala anapokea, anapima tena, anatoa stakabadhi, na kinachokwenda mnadani ni hiyo karatasi. Mnunuzi anaweza kununua mzigo akiwa hajaugusa. Maana yake, kosa la kuhesabu pale mlangoni linatua moja kwa moja kwenye mfuko wa mkulima ambaye hata hakuwepo. Na msimu wa 2017/18 nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 300,000, bei mnadani zikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Kila ghala lilijua kwamba msimu unaofuata litahitaji watu wenye macho.

Rundo la salfa

Mjomba wake, mwanachama wa siku nyingi wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ndiye aliyempeleka kwa msimamizi wa ghala moja huko Tandahimba mwezi Septemba. Watakaosema ni kujuana, sitabishana nao sana. Kwetu mtu hutambulishwa na mtu, na mjomba ana haki ya kumsemea mpwa wake. Ila mjomba alimpatia nafasi ya kusikilizwa tu.

Msimamizi alikuwa mama wa makamo. Aliipokea barua mpya, tuliyoiandika kwa vitendo badala ya sifa, akaisoma kwa haraka, akaiweka mezani.

"Umeandika unajua kuhesabu mali."

"Ndiyo, mama."

"Haya, njoo."

Akampeleka ndani, kwenye rundo la mifuko ya salfa, dawa ya unga ya mikorosho, iliyobaki baada ya upuliziaji, akamwambia amletee idadi. Chini, upande mrefu ulikuwa na mifuko minane, upande mfupi sita, na kwenda juu tabaka 12. Nane mara sita mara kumi na mbili ni 576, hesabu ya dakika moja. Kijana akaipiga, akaiandika kwenye kiganja, halafu akaomba ngazi. Kwenye stoo ya mabomba alikuwa amewahi kukuta maboksi yamepangwa vizuri kuzunguka paleti na katikati patupu. Alipopanda juu akaona tabaka ya mwisho imebonyea. Akaingiza mkono, akatoa mifuko ya kando, akakuta pengo la mifuko saba kwenye tabaka mbili za juu.

Alishuka akasema: "Mama, kwa nje ni 576. Nilichokiona pungufu ni saba. Tabaka za chini sijaziona ndani, siwezi kuzisemea mpaka tufungue upande mmoja."

Mama huyo aliniambia baadaye kwamba pengo alilipanga yeye mwenyewe, na kwamba walioomba kabla ya kijana huyu walimletea 576. Lakini alisema kilichompa kazi si zile saba. Ni ile sentensi ya mwisho. Alitaka mtu anayejua kutenganisha alichokiona na anachokidhani, kwa sababu kwenye ghala saini inawekwa juu ya kile kilichoonekana.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo kisa kizima kilipogeukia. Ujuzi uliotoka kazi moja kwenda nyingine haukupita kupitia barua, ingawa barua ilikuwa nzuri. Ulipita kwa sababu mwajiri alikuwa na kipimo, na mwombaji alipewa nafasi ya kufanya. Waajiri wengi hawana rundo la salfa la kumjaribia mtu. Kwa hiyo sasa ninapomwandaa mtu anayehama fani, namwambia aombe jaribio yeye mwenyewe: nipe leja yenu ya wiki moja niipitie, nipe siku mbili kwenye mapokezi, nipangie rafu moja. Anayebaki katika fani yake anaweza kutegemea jina la cheo. Anayehama hana jina hilo, ana vitendo tu, na vitendo vinahitaji kuonekana.

Msimu wenyewe

Kazi alipata. Sasa nije kwenye sehemu ambayo washauri wengi wa ajira wanaikwepa: yale ambayo hayakuhamishika.

Msimu wa 2018/19 ulianza vibaya. Oktoba wakulima walizikataa bei za minada ya mwanzo, ndogo mno ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima, ili kuwakamata kangomba, wale wanaomkopesha mkulima kabla ya mavuno na kuondoka na korosho zake kwa bei ya kutupa. Uhakiki ulichukua muda. Korosho zikalala ghalani kwa miezi, na kijana wetu alikuwa ndani ya ghala hilo akiwa na uzoefu wa kutunza chuma.

Chuma hakipungui. Boksi la bolti likiingia na kilo 30 leo, mwakani ni kilo 30, na kama si kilo 30 kuna mtu ameiba. Kwa akili hiyo, alipopima tena lundo lililoingia wiki kadhaa nyuma na kukuta limepungua, alikwenda moja kwa moja kwa mama akamwambia wapakiaji wanaiba usiku. Alikuwa na uhakika kabisa, na angeweza kuwafukuzisha watu kazi.

Mama hakubishana naye. Alimpa kipima unyevu.

Korosho ghafi ni kitu hai. Inapumua, inatoa maji, inanyauka. Inayopokelewa vizuri huwa na unyevu usiozidi asilimia 10, na ikikaa mahali pakavu inaendelea kushuka. Chukua mzigo wa tani 10 ulioingia na unyevu wa asilimia 10. Ndani yake kuna kilo 9,000 za korosho kavu na kilo 1,000 za maji. Unyevu ukishuka hadi asilimia 8, zile kilo 9,000 kavu ni zilezile, lakini sasa ndizo asilimia 92 ya mzigo wote. Gawanya 9,000 kwa 0.92, unapata kilo 9,783 hivi. Kilo 217 zimekwenda hewani bila mwizi yeyote. Kwa bei ya 3,300 hizo ni zaidi ya laki saba, kwenye tani 10 tu. Na hesabu hiyo inafanya kazi kwa upande wa pili pia: pungufu likiwa kilo 400, unyaufu unaeleza 217, na 183 zilizobaki zina mwenyewe wa kuulizwa.

Ujuzi wa kutunza mali ulikuwa wa kweli, lakini chini yake kulikuwa na dhana moja ambayo hakuwahi kuifikiria, kwamba mali haibadiliki. Dhana hiyo haikuandikwa popote kwenye orodha yetu ya vitendo, kwa sababu mtu haoni kile alichokizoea kabisa. Na hatari ya kuhamia kazi inayofanana na ya zamani iko hapo hasa. Angehamia kwenye ufundi cherehani, angejua hajui. Kwenye ghala kila kitu kilionekana kilekile: leja, mizani, saini, kufuli.

Alichofanya baadaye, na hiki kilitoka kichwani mwake, ni kuongeza safu kwenye leja. Kando ya uzito wa kuingia aliandika unyevu wa siku ileile, na kila alipopima upya aliandika vyote viwili. Haikuwa teknolojia. Ilikuwa ile tabia ya Jumamosi mchana kambini, ikakutana na elimu mpya. Maofisa walipokuja kuuliza kwa nini uzito wa kutoka hauwiani na wa kuingia, alifungua leja, akawaonyesha safu, akawapigia hesabu mbele yao. Wapakiaji hawakuguswa na mtu.

Katika msimu huohuo alijifunza kukata sampuli. Unachukua kilo moja ya korosho ghafi, unazikata moja moja, unatenga viini vizuri, vilivyooza na vilivyosinyaa, unapima. Gramu 290 za kiini kizuri ukizidisha kwa 0.176 unapata ratili 51 za kiini kwa gunia la kilo 80, na kwa namba hiyo mnunuzi anajua ananunua nini. Hili alilishika haraka. Mikono iliyozoea kuchambua bolti kwa kipimo haikupata tabu na korosho.

Tabu ilikuwa kwa wazee.

Malipo yalipochelewa, wakulima walianza kuja hadi getini kwa ghala, ingawa ghala si mahali pa kulipia. Siku moja alikuja mzee mmoja aliyetoka kijijini kwa baiskeli, ana karatasi ya chama imekunjwa ndani ya kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Korosho zangu mnazo, hela yangu iko wapi?"

Kijana akamjibu kama alivyozoea kuwajibu madereva wa malori: malipo hayahusiki na hapa, aende kwenye chama chake. Jibu lilikuwa sahihi kwa asilimia mia. Mzee akakaa chini, palepale getini, akakataa kuondoka, na wengine wakaanza kukusanyika.

Mama akatoka ofisini. Alimwita mzee "baba", akampa kiti kivulini na maji, akamwagiza kijana alete leja. Akatafuta ukurasa wa chama cha mzee yule, akamwekea kidole kwenye mstari: lori liliingia siku hii, magunia haya, uzito huu, hazijatoka, zipo ndani. Kisha akamweleza kwamba fedha inasubiri uhakiki na kwamba yeye hana uwezo wa kuiharakisha. Mzee hakupata hata senti. Lakini aliondoka akijua mali yake iko wapi, na alimwombea mama dua kabla ya kupanda baiskeli.

Kijana aliniambia aliona aibu, maana wazee wa namna ile ndio waliomlea. Heshima alikuwa nayo tangu nyumbani. Kazi ya kambini, ambako kila anayekuja mlangoni ni mtu wa kampuni anayetaka kukuharakisha, ilikuwa imemfundisha kusema hapana kwa ufupi, na ufupi huo alikuja nao Tandahimba. Kukataa, kile kitendo nilichokisifu, kilihitaji kufundwa upya. Kwa dereva aliyeleta magunia yenye kokoto ndani, hapana fupi ni sawa kabisa, na korosho zilizochanganywa kokoto zimeshaichafulia nchi hii jina mbele ya wanunuzi. Kwa mkulima, hapana inatakiwa itanguliwe na kiti.

Hesabu ya nyumbani

Kipato kilishuka. Msimu wa kwanza alilipwa laki tatu na nusu kwa mwezi, kwa miezi ya msimu tu, akiwa amepanga chumba Tandahimba na familia ikiwa Chikongola. Anayebadili kazi lazima aipige hesabu hii kabla hajaacha alichonacho, na hapa nampa sifa zake: pikipiki hakuiuza. Alimpa kijana wa mtaani aiendeshe kwa hesabu ya siku. Mke wake alikuwa anakaanga samaki na kuuza jioni, na kwa ukweli wa mambo, ni karai la mke wake lililobeba nyumba mpaka Machi. Visa vya namna hii vikisimuliwa, watu kama yeye huwa hawatajwi.

Nje ya msimu alipata mwanya ambao hakuna aliyeupanga. Pembejeo za korosho huanza kusambazwa kabla mikorosho haijachanua, na salfa ya unga hupulizwa kuanzia Juni hivi dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Mifuko hiyo inapokelewa, inahesabiwa, inagawiwa kwa vyama kwa orodha. Ni mali isiyonyauka. Alirudi kwenye uwanja wake wa zamani kabisa, na mwajiri akaona afadhali kumlipa mwaka mzima kuliko kumtafuta upya kila Septemba. Miezi minne ikawa kumi na miwili.

Tunapobishania sasa

Amepita miaka 40, yuko ghala la Mtwara mjini na ana vijana chini yake. Mnada wa korosho siku hizi unaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na takwimu za ghala zinaingizwa kwenye mfumo, jambo alilolipokea bila shida kwa sababu nidhamu ya leja ni ileile. Nafasi ya usimamizi wa ghala ikitangazwa, ataiomba. Na tangazo litataka cheti.

Mimi nimemwambia aende TIA, Taasisi ya Uhasibu Tanzania, kampasi yao iko hapahapa Mtwara, asome cheti cha ununuzi na ugavi. Ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne alionao ndio wanaoanzia. Yeye anaona akiba yake ikafanye kazi nyingine: kuna rafiki yake anataka washirikiane kununua Canter ya kusomba magunia. Hoja yake ina uzito. Analijua soko la usafirishaji kutoka ndani, na masomo yanagongana na msimu, kwa kuwa mwaka wa chuo unaanza wakati malori yanapopanga foleni getini. Hoja yangu ni kwamba ujuzi umeshamfikisha pote ulipoweza kumfikisha peke yake, na mlango uliomkatalia 2015 bado umesimama palepale, kwa kufuli lilelile.

Mama wa Tandahimba, ambaye bado wanapigiana simu, ameingia upande wangu. Amemwambia kwamba Canter inaweza kununuliwa mwaka wowote. Mke wake yuko upande wa Canter. Tumekubaliana aende chuoni mwenyewe akaulize ratiba, aone kama kuna vipindi vya jioni vinavyoweza kuchukuana na zamu zake, halafu tukae watatu, yeye, mke wake na mimi, na karatasi ya mapato na matumizi ya mwaka mzima mezani.